Ukuta wa Dubu Nimeugusa, na Bega Langu ni Shahidi!

Yakhe, weka hicho kikombe cha kahawa chini na unisikilize. Nimetoka tena uwanjani sasa hivi. Mchanga bado umo kwenye kucha, fulana imelowa chepechepe, bega la kulia linawaka, na kukaa kitako siwezi, wallahi siwezi! Nimeugusa ule ukuta. Si kuutazama kwenye simu ya mtu, la hasha, nimeugusa, nimesimama ndani yake, katikati kabisa, pale penye joto. Nauzungumzia ule mpango wa ulinzi wa mpira wa Kimarekani unaoitwa 46, ukuta wa kuwazuia wakimbiaji, mzito, mbishi, mkorofi, mtamu ajabu, ule ule ambao Chicago Bears, yaani Dubu wa Chicago, waliwanyoosha nao watu mwaka 1985. Tangu nirudi Mwembe Tayari sina utulivu. Nawasimamisha watu wanaowahi basi la Nairobi, mizigo mkononi, nawaonyesha namna ya kuinama. Mama mmoja wa ndizi ameniuliza kama nimepata homa. Na bado!

Ngoja nikupe picha kwanza, kwa haraka, maana najua wewe ni mtu wa soka. Ni kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Wenye mpira wana nafasi nne za kusogea yadi 10. Wakizipata wanaanza kuhesabiwa upya, wakizikosa, kwaheri. Wanaweza kuurusha, au wanaweza kumkabidhi mtu mmoja mwenye mapaja ya kutisha akimbie nao ameukumbatia kifuani. Mbele yake hupangwa watano wakubwa wakubwa ambao kazi yao ni kumfungulia njia. Basi. Sheria zilizobaki utaziokota humo humo ndani, usizisumbukie.

Watu wengi huupendea mchezo huu ule mrusho mrefu: mpira unapaa, mtu anaudaka huku anaanguka, uwanja mzima unalia. Mzuri, sikatai, na wapo humu mtaani wanaokesha hadi saa nane na nusu usiku wakiingoja Super Bowl ianze kwa ajili ya hiyo mipira ya juu tu. Lakini raha yenyewe, rafiki yangu, raha yenyewe hasa, iko chini. Chini kabisa! Pale majitu yanapoinama, yakatia vidole ardhini, yakatazamana kwa umbali wa shibiri moja, na katika nyama na jasho na ubishi ule ndimo mchezo unamoamuliwa kabla hata kamera haijajua pa kuangalia.

Kijana anayetufundisha ni wa hapa hapa mtaani. Alikwenda kusoma Marekani akarudi na mpira mmoja wa ngozi uliochakaa vizuri na maneno mengi sana. Siku ya kwanza alitukusanya alasiri upande wa Tononoka, jua limeshalegea, upepo wa bahari unakuja na kupotea, unakuja na kupotea. Helmeti hatuna, yale mabega ya plastiki hatuna, kwa hivyo kugongana kwa kasi kumepigwa marufuku. Tunaanzia palepale tulipoinama na kusukumana kwa viganja, kifuani, na kengele ya hatari ni kelele ya yeye mwenyewe. Utasema, ah, huo si mchezo kamili. Yakhe, kama hiyo ni nusu, basi hiyo nusu nyingine Mungu anilinde nayo!

"Ami, shuka!" ananipigia kelele. Nikashuka. "Ami, shuka tena!" Nikashuka hadi magoti yakalalamika. Mkono mmoja chini, vidole vimezama kwenye mchanga wenye joto, kiuno kimenyanyuka kidogo, shingo imeinuka, uzito wote umekuja mbele kwenye ncha za vidole. Na hapo, hapo hasa, kila kitu kikabadilika. Honi za tuktuk zikapotea. Makondakta wote wa barabara ya Jomo Kenyatta wakanyamaza, au masikio yangu ndiyo yaliyowanyamazisha, sijui. Nikabaki na pumzi ya mtu aliye mbele yangu, inanukia viazi karai na ukwaju, na ule mpira umelala baina yetu.

"Usimtazame usoni," kijana anasema. "Mtazame mpira."

Nikautazama. Nikauona uzi wake mmoja mmoja, nikamwona sisimizi anaupanda, nikakiona kidole gumba cha senta, yule wa katikati anayeuanzisha mpira, kinabana, kinaachia, kinabana... halafu mpira ukatikisika na mwili wangu ukaondoka bila kuniaga! Viganja vimeshamfika kifuani, miguu inachapa hatua fupi, fupi, fupi, mchanga unaruka, mtu ananguruma na sijui ni yeye au ni mimi. Sekunde chache tu, imekwisha. Nikainuka natetemeka na kucheka kwa pamoja. Tena! Nirudishieni tena! Na bado!

Maana hapo ndipo alipotupa siri yenyewe, na mimi nikapiga ukelele, nakwambia kweli. Kwa ulinzi wa kawaida wale watano wa mbele huwa hawapati kila mmoja mtu wake. Daima yuko mmoja aliyebaki hana mtu usoni, mara nyingi ni senta au mmoja wa wale magadi wawili waliopakana naye. Huyo aliye huru ndiye balaa! Humsaidia mwenzake wakambeba mlinzi mmoja watu wawili, au hupenya akaenda kumziba lainibeka, yule mlinzi wa nyuma anayenusa mpira unakokwenda, na mkimbiaji akapita hapo anapunga mkono. Sasa ukuta wa 46 unafanya ujeuri mmoja mdogo, mdogo mno, hata unaona haya kwamba ulihitaji kuambiwa. Unamweka mtu juu ya senta. Mtu juu ya gadi wa kushoto. Mtu juu ya gadi wa kulia. Watatu kwa watatu, uso kwa uso. Nani sasa atamsaidia nani? Hakuna! Gadi akitaka kuchomoka kwenda pembeni kumwongoza mkimbiaji, kama magadi wapendavyo, anaacha tundu nyuma yake na mtu mzima anapita humo kuingia moja kwa moja hadi sebuleni kwao.

Kijana alitufanyia majaribio yote mawili, kwanza ukuta wa kawaida, halafu huu. Ule wa kwanza nilikuwa nabebwa na watu wawili, mmoja mbavuni na mmoja begani, na hakuna adhabu mbaya duniani kama kusukumwa na mtu usiyemwona. Ule wa pili, ah! Mtu mmoja. Mtu mmoja tu mbele yangu, wangu mimi, peke yetu wawili na hesabu zetu. Unajisikia umeheshimiwa. Unajisikia mrefu hata ukiwa umeinama. Na ubavuni mwako, kushoto na kulia, unawasikia wenzako wawili nao wanapumua, karibu mno, kila mmoja ana wake, na mianya yote ya katikati imezibwa hata upepo unaomba ruhusa.

Na pembeni sasa? Pembeni ndiko kwenye wazimu! Malainibeka wawili wanasimama upande mmoja, bega kwa bega, wanamkabili mshambuliaji wa ukingoni, na mlinzi wa nyuma kabisa, ambaye kwa haki angekuwa huko mbali analinda nyumba, anashuka, anasogea, anakuja kusimama nao hapa hapa penye vumbi. Wanane karibu na mpira! Ninyi mnaokwenda kutazama raga pale Mombasa Sports Club, klabu ya tangu 1896, hamwezi kushindwa kuielewa hii, maana skramu nayo ni watu wanane wa mbele. Tofauti ni kwamba kwenye skramu wanashikana wakawa mnyama mmoja. Huku hakuna kushikana, kila mtu na ugomvi wake, wanane wanalipuka kwa wakati mmoja na hujui ni yupi atakayefika kwanza. Mkimbiaji naye hajui, maskini!

Lakini nisikudanganye kwamba ni nguvu. Hii ndiyo iliyonishangaza kupita zote. Tulikuwa na kijana mmoja wa kuinua vyuma, mabega mapana, kifua cha kupigiwa picha, akapangwa katikati. Mbele yake akapangwa hamali mmoja wa Mwembe Tayari, mwembamba, mtu wa mikokoteni, anayepakia mizigo kwenye mabasi na kuisukuma sokoni tangu alfajiri. Sote tukamwonea huruma. Mpira ukatikisika na yule wa vyuma akainuka wima, kidogo tu, kichwa kimoja tu, na hamali yuko chini yake, mgongo umenyooka, mikono imeingia ndani kwenye mbavu, anatembea naye kinyumenyume bila papara hadi kwenye mstari wa chokaa. Mashabiki waliokuwa wamekaa ukutani walianguka! Kijana wa kufundisha akapiga makofi hadi yakamwuma, akasema hicho ndicho Wamarekani wanacholipia mamilioni: aliye chini ndiye anayemwongoza aliye juu. Hamali akasema yeye hajui hayo, ila mkokoteni ukiusukuma umesimama wima, unakwenda na wewe unabaki. Nimeliandika nyuma ya risiti.

Sasa uniache nikusimulie walioubuni, maana usiku wa siku ile ya kwanza nilipofika nyumbani nilitafuta michezo yao ya zamani nikashindwa kulala. Kocha aliyeupika ni Buddy Ryan, mwalimu wa ulinzi wa Chicago Bears, mtu mkali, mwenye ulimi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hiyo 46 wala si hesabu ya watu wala ya hatua, ni namba ya jezi ya Doug Plank, yule mlinzi wa nyuma aliyekuwa akisogezwa mbele kwenye fujo. Msimu wa 1985 ndipo ukuta ulipoiva. Bears walishinda michezo 15 wakapoteza mmoja tu. Katikati, juu ya senta, Dan Hampton. Ubavuni, Steve McMichael na lile jitu William Perry, aliyepita kilo 140 na bado anakimbia kama amechelewa gari. Ukingoni Richard Dent, mrefu, mwepesi, mbaya. Upande wa pili Otis Wilson na Wilber Marshall wamesimama pamoja, na nyuma yao Mike Singletary, macho yamemtoka, yuko huru kwa sababu wale wa mbele wamekwisha kula watu wote waliotaka kumfuata!

Mtazame Singletary, nakuomba. Kila mtu anamtazama yeye anavyomwangusha mkimbiaji. Kisha urudishe nyuma video umtazame aliye mbele yake katikati, amekunjwa, amekabwa, amelaliwa, jina lake halitajwi na mtangazaji, na yeye ndiye aliyelipa. Mie sasa siwezi tena kutazama bila kumtafuta huyo!

Ikaja mitoano, Januari 1986. Giants wakafungwa 21 kwa 0. Rams wakafungwa 24 kwa 0. Na Rams hao walikuwa na Eric Dickerson, mkimbiaji wa ajabu, ambaye mchezo uliotangulia alikuwa amewakimbilia Dallas yadi 248, rekodi ya mitoano. Mbele ya ukuta huu alipata ngapi? Yadi 46! Arobaini na sita, yakhe, utadhani waliandikiana! Halafu tarehe 26 Januari, New Orleans, Super Bowl ya 20, New England Patriots wanaingia na sifa yao ya kukimbia. Mchezo mzima, dakika zote, wakimbiaji wao wote kwa pamoja wakaambulia yadi 7. Saba! Hiyo ni mita sita na kitu, ni kutoka kwa muuza kahawa hadi kwa fundi viatu wake wa jirani. Bears wakashinda 46 kwa 10, na hapo nilisimama kitandani, maana hiyo namba ilikuwa imeshaanza kunitisha. Dent akachaguliwa mchezaji bora wa siku ile, mtu wa ulinzi! Perry, jitu la ukutani, akapewa mpira upande wa kushambulia akafunga tachidauni, yaani bao, yeye mwenyewe. Na mwisho wachezaji wakambeba Ryan mabegani, kocha wa ulinzi, sambamba na kocha mkuu Mike Ditka. Umewahi kuona wapi?

Wazee wa Mombasa watakwambia kuwa miaka hiyo hiyo mabaharia wa Kimarekani walikuwa tele humu mjini, manowari zikiingia Kilindini baada ya mkataba wa 1980 uliowaruhusu kuitumia bandari yetu. Walitembea barabara hizi hizi, wakala, wakanywa, wakapiga picha. Na siri hii wakakaa nayo! Nina uchungu nao kidogo.

Na usiniambie kwamba hii ni kitu cha watu wa mbali, si chetu. Hapo ndipo nilipofurahi kupita kiasi. Mathias Kiwanuka unamjua? Mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, yule ambaye mwaka 1972 akiwa Jaji Mkuu askari wa Idi Amin walimchukua Mahakama Kuu asionekane tena. Mjukuu alizaliwa Indianapolis, akarefuka, akapanuka, na mwaka 2006 New York Giants wakamchukua katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa wachezaji wapya. Akacheza kwao hadi 2014, mara ukingoni mwa mstari wa mbele, mara amerudi nyuma kidogo kama lainibeka, yaani kazi zile zile za ukuta ninazokwambia! Februari 2012 akashinda nao Super Bowl dhidi ya Patriots, 21 kwa 17, na mchezo ulipigwa wapi? Indianapolis! Mjini alikozaliwa! Nilipolisoma hilo niliwaamsha watu nyumbani.

Na bado! Mji huo huo, mwaka uliofuata, 2013, Indianapolis Colts wakamsajili Daniel Adongo, Mkenya, kijana wa raga aliyezunguka dunia na raga yake, ambaye mpira wa Kimarekani hajawahi kuucheza hata siku moja. Hata siku moja! Desemba ya mwaka ule akaingia uwanjani, akapewa zaidi zile kazi za vikosi maalumu, kukimbia kwa kasi kumfuata mtu na kumkata. Sasa mimi nimesukumana na wachezaji wa raga wa hapa, na naelewa kwa nini walimwamini. Wanajua tayari kushusha kiuno. Wanachopaswa kujifunza ni kusimama palepale na kukataa, na hilo nalo si dogo, maana mwili wa mchezaji wa raga unataka kwenda na mpira.

Upande wa pili wa mstari alikuwapo Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi, gadi, mmoja wa wale wenye kubeba watu. Seattle Seahawks walimchagua mwaka 2016. Seattle, yakhe! Mji ndugu wa Mombasa tangu 1981! Nimepita kwenye hizi barabara miaka yote sijui kwamba udugu wetu na mji ule unaweza kunipa timu ya kushabikia bila kutafuta sababu nyingine. Sasa ninayo, na jezi nitaitafuta kwenye mitumba hadi niipate.

Kasoro? Ipo, ipo moja kubwa, na kwa sababu nakupenda nitaitaja. Ukiwaleta watu wanane mbele, nyuma umebaki na nani? Wale wa nyuma wanabaki mmoja mmoja na wadakaji wenye mbio, hakuna wa kuwaokoa. Kwotabeki, yule mrushaji wa mpira, mwenye mkono mwepesi na roho ngumu akiurusha kabla ukuta haujamfikia, umekwisha. Ndivyo Dan Marino na Miami Dolphins walivyofanya tarehe 2 Desemba 1985, wakawatawanya wadakaji wao pande zote, wakawalazimisha Bears kumtuma mtu asiyefaa kumkimbiza mtu mwenye kasi, na wakashinda 38 kwa 24. Ndio ule mchezo mmoja waliopoteza. Leo mipira inarushwa mno, kwa hivyo hutauona ukuta huu mchezo mzima; wanautoa kwa ghafla, zikibaki yadi chache, watu wanapojua kwamba sasa hapa ni kukimbia tu. Mie naona ni afadhali hivyo. Ukiuona unaruka kutoka kwenye kiti!

Wapo pia watakaokwambia ujaribu ile aina isiyo na kugongana, ya kunyang'anyana vitambaa vya kiunoni, watano kwa watano, itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Jaribu, ni tamu, ni salama, dada zetu wataing'arisha sana. Lakini haina ukuta! Haina yule mtu wa katikati! Ni kama... ah, acha, nisitukane mchezo wa watu.

Sikiliza, ukienda kutazama wewe mwenyewe, usiutazame mpira ukishaondoka. Najua ni vigumu, macho yanavutwa. Tazama zile sekunde mbili kabla. Wahesabu wale watatu wa katikati, utaona kama kila mmoja ana mtu wake usoni. Ukiona wamefunikwa wote watatu, na ukamwona mmoja wa nyuma anajongea mbele taratibu, anajifanya hana haja, shika mkono wa mtu aliye karibu nawe. Kisha sikiliza. Kuna sauti pale, hata kwenye simu ndogo utaisikia, si kishindo kimoja, ni vishindo vingi vilivyochelewana kidogo, pa-pa-pa-papa, na mkimbiaji anafika kwenye tundu aliloahidiwa anakuta limejengwa. Uso wake! Nimeirudia hiyo sehemu hadi bando limeniishia.

Kwa hivyo unakuja. Siulizi, nakuarifu. Tunakutana baada ya Alasiri, upande wa Tononoka, utatusikia kabla hujatuona. Vaa suruali usiyoipenda, kata kucha, na tafadhali usishibe pilau kabla, nimemwona aliyeshiba pilau na sitaki kumsimulia. Maji yapo, kuna mtu anauza maji baridi na miwa pale getini. Mabega yako utayalaumu siku ya pili asubuhi, ukinyoosha mkono kuchukua mahamri, lakini utacheka huku unayalaumu. Na uwe tayari kuniona nimebadilika, maana nimepewa nafasi ya kusimama juu ya senta, mimi hapa, ami wa watu! Tatizo letu ni moja. Hamali wetu anasindikiza mzigo hadi Nairobi, na senta mwingine mwenye mgongo na ukaidi hatuna. Nimeshamwambia kijana kuwa wewe unao vyote viwili, na jina lako limeandikwa.